Namna ya Kuchunguza kwa Nini Vijana wa Kata Yenu Hawana Kazi: Mwongozo kwa Wakazi wa Arusha na Moshi

Kamati nyingi zinazokaa kujadili ajira za vijana katika kata za Arusha na Moshi huagiza dawa kabla ya kupima ugonjwa. Kikao hufunguliwa kwa sala, mgeni rasmi huwataka vijana wabadili fikra, na chai haijaisha kunywewa tayari imepitishwa kwamba yatatolewa mafunzo ya siku tatu ya ujasiriamali, pamoja na somo la kutengeneza sabuni ya maji. Baada ya miezi michache kata ina madumu ya sabuni yasiyo na mnunuzi, na vijana ni wale wale, kijiweni ni pale pale. Mafunzo hayo si mabaya, lakini yametolewa kwa kudhani kwamba kijana amekosa ujuzi, na dhana hiyo hakuna aliyeihakiki.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuihakiki. Umekusudiwa kwa mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kiongozi wa vijana wa usharika au wa msikiti, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, au mwanafunzi wa maendeleo ya jamii pale Tengeru anayetaka kufanya utafiti wenye faida kwa watu waliomjibu. Kazi yenyewe yaweza kufanywa na watu wanne au watano wenye subira, madaftari na simu ya kikokotoo, kwa muda wa wiki tatu hivi. Sehemu kubwa ya kazi ni kuuliza vizuri na kutokubali jibu la kwanza.

Kubalianeni kwanza mnamhesabu nani

Umri ndio jambo la kwanza la kuafikiana, kwa kuwa takwimu za vijana hazina maana bila mipaka yake. Umoja wa Mataifa humhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 24, ilhali Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 imepanua hadi miaka 35. Kwa kata ni vyema kutumia mipaka ya sera yetu, lakini msiwachanganye wote katika kapu moja, kwa sababu binti wa miaka 17 aliyetoka kidato cha nne mwaka jana hana tatizo sawa na baba wa miaka 33 mwenye watoto wawili ambaye kampuni ya utalii iliyokuwa ikimwita imeacha kumwita. Mafungu matatu yanatosha: miaka 15 hadi 19, miaka 20 hadi 24, na miaka 25 hadi 35, na kila fungu litenganishwe kwa jinsia.

Jambo la pili ni maana ya kukosa ajira, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida walau saa moja katika wiki inayoulizwa huhesabiwa kuwa na kazi. Kwa hiyo deiwaka, yaani kibarua wa siku, aliyeshika mlango wa daladala ya Ngaramtoni kwa mzunguko mmoja siku ya Jumanne ana kazi kitakwimu, hata kama siku sita zilizobaki alishinda stendi akiangalia. Aidha, ili mtu ahesabiwe kuwa hana ajira kwa kipimo hicho, ni lazima awe tayari kufanya kazi na awe anaitafuta. Aliyechoka kutafuta huondoka kwenye hesabu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, katika tafiti zake za nguvu kazi, ukiwamo ule wa 2014 na ule wa 2020/21, imekuwa ikitumia pia tafsiri ya kitaifa iliyo pana zaidi, ambayo humhesabu na yule ambaye yuko tayari lakini ameacha kutafuta. Kuna pia mabadiliko ya mwaka 2013, pale wataalamu wa takwimu za kazi duniani walipokubaliana kwamba anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani tu asihesabiwe kuwa na ajira. Ukichunguza Kibosho au Old Moshi, ambako vijana wengi wanasaidia katika kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, cha wazazi bila kuuza chochote, badiliko hilo peke yake linaweza kugeuza picha yote.

Ninashauri kata isishindane na wataalamu hao. Andaeni safu tatu: asiyekuwa na kazi yoyote wiki iliyopita, aliyefanya kazi lakini kwa saa chache kuliko alizotaka, na anayefanya kazi muda wote ila kipato hakimwezeshi kujitegemea. Katika miji yetu hii miwili safu ya kwanza huwa fupi kuliko watu wanavyodhani, na safu ya pili huwa ndefu kupita kiasi, kwa sababu kijana asiye na akiba wala posho hawezi kukaa bure kabisa. Atabeba mizigo Kilombero, atapiga debe, atamsaidia fundi kuchanganya zege.

Ruhusa, nyumba za kuingia, na namna ya kuuliza

Pitieni kwa mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa kabla ya kugonga mlango wowote, mkiwa na barua inayoeleza mnachotafuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, kwa hiyo dodoso lisiwe na jina wala namba ya simu ya mjibuji isipokuwa kama kuna sababu ya lazima na amekubali. Namba ya nyumba iliyoandikwa kwa siri kwenye orodha tofauti inatosha. Msichague nyumba kwa kumfuata mjumbe atakapowaongoza, kwa kuwa atawapeleka kwa watu wake. Chukueni daftari la wakazi la mtaa, kisha ingieni kila nyumba ya kumi, mpaka mpate vijana mia moja hadi mia moja na hamsini. Hesabu hiyo haitawapa kiwango cha ukosefu wa ajira cha kutangaza redioni, ila itaonyesha mwelekeo wa sababu.

Rudini pia jioni na Jumapili mchana. Timu inayopita saa nne asubuhi huwakuta waliolala na walezi wa watoto, kisha huandika kwamba vijana wa Unga Limited au wa Pasua wanashinda nyumbani.

Anayeuliza awe mtu wa kawaida kwa mavazi na kwa maneno. Mkikuta wazee, salamu itangulie na ikamilike. Mama akishaitikia marahaba na kuwakaribisha kwenye kigoda, mwambieni mnataka kuzungumza na kijana wake peke yake, kwani mbele ya mzazi wengi hujibu kile mzazi anachopenda kusikia. Wala msiulize "Je, una ajira?" Kwa vijana wengi neno ajira humaanisha barua, mshahara wa mwisho wa mwezi na bima, hivyo mwenye genge linalolisha familia nzima atajibu kwamba hana ajira, naye anayelelewa na kaka yake atasema "najishughulisha". Ulizeni hivi: "Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita hadi Jumapili, ulifanya kitu gani cha kukuingizia fedha, siku ngapi, na kila siku ulibakiwa na shilingi ngapi baada ya gharama?" Halafu: "Kazi ya mwisho uliyoifanya kwa zaidi ya mwezi mmoja ilikuwa ipi, uliipataje, na iliishaje?" Swali hili la pili lina thamani kuliko dodoso lote lililobaki, hasa kipande chake cha mwisho. Kazi huisha kwa njia nyingi, na kila njia ni kidole kinachoelekeza kwenye sababu fulani: msimu uliisha, mwajiri alifunga, nilifukuzwa, nilipata ujauzito, malipo yalicheleweshwa, pikipiki ilirudi kwa mwenyewe.

Chora kalenda ya kata kabla ya kuhukumu

Arusha na Moshi haziwezi kueleweka kwa takwimu za mwezi mmoja. Utalii, ambao ndio unaovuta madereva, waongoza watalii, wapishi wa safari, wapagazi, wahudumu wa hoteli, wafua nguo na wauza mboga wanaowalisha wote hao, hupanda kuanzia Juni hadi Oktoba, hupanda tena kuelekea Krismasi hadi Februari, kisha hushuka mvua za masika zinapoanza Machi na kuendelea hadi Mei. Kijana wa Rau au wa Machame anayepanda mlima mara tatu kwa mwezi wakati wa kilele anaweza kukaa Aprili yote bila kuitwa. Ukimhesabu Agosti ana kazi. Ukimhesabu Aprili hana, na mkutano wa kata uliofanyika Aprili utatangaza janga.

Kwa hiyo chukueni karatasi kubwa, chora miezi kumi na miwili, kisha wakalisheni vijana wa shughuli mbalimbali wajaze wenyewe ni miezi gani wanapata na ni ipi wanakopa. Ongezeni uvunaji wa kahawa, kazi za mashamba ya miwa ya Arusha Chini, palizi na uvunaji wa mboga katika ukanda wa Tengeru na Usa River, na ujenzi, ambao husimama mvua ikizidi. Mkishaitazama kalenda, mtaweza kutenganisha wasio na kazi mwaka mzima na wasio na kazi kwa msimu. Hao wa pili hawahitaji kufundishwa kazi mpya kabla ya kuulizwa kwa nini kipato cha miezi mizuri hakivuki miezi mibaya; na jibu linaweza kuwa malipo yenyewe ni madogo, au yanacheleweshwa, au mpagazi hulazimika kumpa chochote yule anayemwandika kwenye orodha.

Kutegemea shughuli moja kuna hatari nyingine. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoingia, walishuka hadi takriban 620,000. Kushuka huko kulikuwa kwa nchi nzima, lakini maumivu yake yalikuwa makali zaidi katika miji ambayo nusu ya mazungumzo yake ni magari ya safari. Waulizeni wa miaka 25 hadi 35 walikuwa wapi mwaka 2020 na walirudi lini kwenye kazi zao, kama walirudi.

Ulizeni wazee kilichokuwapo

Sababu nyingine zina umri mkubwa kuliko vijana wenyewe, na dodoso la kijana haliwezi kuzifikia. Zitafuteni kwa wazee, wake kwa waume, waliowahi kufanya kazi. Arusha watataja kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuacha mwishoni mwa miaka ya 2000, na kiwanda cha nguo cha Kiltex. Ajira za namna ile zilikuwa na sifa ambayo utalii hauna: zilimchukua mhitimu wa darasa la saba, zikamfundisha kazi ndani ya kiwanda, zikamlipa mwezi wa nne sawasawa na mwezi wa nane. Watataja pia Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyofunga shughuli zake mwishoni mwa 2015 baada ya miaka zaidi ya 20, ikaondoka na wapangaji wa nyumba, na pamoja nao kazi za madereva, walinzi, wapishi na mafundi.

Moshi na vilima vyake habari ni kahawa. Mfumo wa kimataifa wa kuzigawia nchi viwango vya kuuza kahawa, ulioshikilia bei, uliporomoka Julai 1989, na katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia sokoni ambako vyama vya ushirika, chini ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, vilikuwa vimezoea kutawala. Wengi waliacha mibuni izeeke, wengine wakaing'oa wakapanda ndizi, nyanya na majani ya ng'ombe. Wakati huo huo kihamba kiligawanywa kutoka kwa babu kwenda kwa wana, na kutoka kwa wana kwenda kwa wajukuu, mpaka kijana wa leo anarithi kipande ambacho ukishaweka nyumba na zizi kimekwisha. Anaposhuka Moshi mjini au kwenda Dar es Salaam hakimbii jembe kwa uvivu. Hana pa kulipiga.

Ongezeni matukio ya karibuni yaliyohamisha shughuli. Ukuta ulijengwa kuzunguka migodi ya tanzanite Mirerani mwaka 2018, na mwaka 2021 serikali ikaelekeza biashara ya madini hayo ifanyike kule kule. Lengo lilikuwa kuzuia utoroshaji, na lina hoja yake, ila mchunguzi wa kata ya katikati ya Arusha hana budi kuuliza madalali vijana na wakata mawe walioishi kwa biashara hiyo walielekea wapi.

Pimeni sababu moja moja kwa dalili zake

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda mrefu kuliko zote. Mkishakusanya majibu, mtakuwa na orodha ya sababu zinazotajwa: ujuzi, mtaji, koneksheni, uvivu, viwanda, serikali. Zote zinasemwa kwa uhakika sawa, na kila msemaji ana mfano wa mpwa wake. Msipige kura kuchagua sababu. Kila sababu, kama ni ya kweli, huacha alama mahali fulani ambapo mtu anaweza kwenda kuiangalia, na kama alama haipo basi sababu hiyo si kubwa kama inavyosemwa.

Anzeni na ujuzi, maana ndiyo inayotajwa zaidi na waajiri na wafadhili. Kama vijana wamekosa ujuzi unaotakiwa, basi kuna nafasi zilizo wazi ambazo waajiri wanashindwa kuzijaza, na wenye ujuzi huo wanalipwa zaidi mwaka hadi mwaka. Nendeni kwenye gereji, hoteli, karakana za kuchomelea na kampuni za safari, mwulizeni mwenye kazi: "Mtu wa mwisho aliyeondoka hapa alikuwa anafanya nini, na mliziba nafasi yake baada ya siku ngapi?" Akijibu kwamba siku ya pili walikuwa wamekwisha kujitokeza watu kumi na aliyeajiriwa anafanya vizuri, basi pale hakuna uhaba wa ujuzi, hata kama dakika tano zilizopita alilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kitu. Akisema alitafuta mwongoza watalii wa Kijerumani kwa miezi miwili, akaishia kumpandishia dau aliyeko kwa mshindani wake, hapo kuna pengo la kweli, na lina jina. Andikeni jina la ujuzi, si neno ujuzi peke yake.

Baada ya hapo linganisheni na kinachofundishwa. Tuna Chuo cha Ufundi Arusha tangu mwaka 1978, VETA Moshi, chuo cha VETA cha hoteli na utalii pale Njiro, na vyuo vingi vya watu binafsi ambavyo ubora wake hautofautishwi na ukubwa wa bango. Wafuatilieni wahitimu kumi wa fani moja waliomaliza miaka miwili iliyopita. Kama wengi wao wanafanya kazi nje ya fani, ulizeni kama walikataliwa kwa kutojua au kwa kukosekana nafasi. Ni majibu mawili tofauti, na la pili haliponywi kwa kuongeza darasa jingine la fani ile ile. Kuhusu shule za sekondari, kumbukeni kwamba idadi ya wahitimu iliongezeka kwa kasi tangu mpango wa kujenga shule za kata ulioanza 2004, kisha tena ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016 na hadi kidato cha sita mwaka 2022. Hilo ni jambo jema. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba cheti kilichokuwa kikimtofautisha mtu sasa kinashikwa na kaya nzima, ilhali nafasi za ofisini hazikuongezeka kwa mwendo huo. Serikali yenyewe ilisimamisha ajira mpya mwaka 2016 kupisha uhakiki wa watumishi, na wapo walimu wahitimu ambao tangu miaka hiyo wanaishi kwa tuisheni. Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza sekondari mwaka 2024 bado ni mchanga mno kuhukumiwa na kamati ya kata.

Mtaji una kipimo chepesi zaidi. Kama kinachowazuia vijana ni mtaji tu, basi waliopata mtaji wanapaswa kuwa wanaendelea. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mwombeni afisa maendeleo ya jamii orodha ya vikundi vya kata yenu vilivyokopeshwa, kisha mvitembelee. Kikundi kilichokufa kwa sababu fedha ilikuja robo ya ilivyoombwa kinasema jambo moja. Kilichokufa kwa sababu kuku elfu moja walikosa mnunuzi, au bei ya chakula cha kuku ilipanda, kinasema jingine kabisa. Simameni pia kwenye kijiwe cha bodaboda, ambako mtaji umekwisha kuingia kwa wingi kwa njia ya mikataba. Waulizeni walikuwa wangapi pale miaka mitano iliyopita, na mtu alikuwa akipata safari ngapi kabla ya kutimiza hesabu ya mwenye pikipiki. Ikiwa waendeshaji wameongezeka maradufu na safari za kila mmoja zimepungua nusu, basi pikipiki ya ziada haitaleta ajira. Itagawa abiria wale wale. Biashara ya fremu nayo iulizwe kivyake, kwa kuwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, pamoja na kilemba, yaani fedha ya kupewa fremu, katika maeneo mazuri, humaliza fedha kabla bidhaa haijaingia dukani.

Koneksheni hupimwa kwa kuwauliza walioajiriwa, si wasio na kazi. Katika kila mahali pa kazi mnapoingia, waulizeni watu kumi waliipataje nafasi ile. Ikiwa wanane wanataja mjomba, shemeji, mtu wa kijijini kwao au wa kanisani, basi tangazo la kazi linatoka likiwa limekufa, na kijana aliyehamia kutoka Singida au Kondoa ana mlima wake wa pekee wa kupanda. Hapa msiharakishe kusema rushwa. Mwajiri mdogo humchukua ndugu kwa sababu akiiba anajua pa kumpata. Dhamana ndiyo anayoitafuta. Kata inaweza kumpatia dhamana hiyo kwa njia nyingine, kwa mfano barua ya utambulisho inayoandikwa na fundi mkuu anayeheshimika na inayoaminika kweli. Ni mojawapo ya sababu chache ambazo kamati ya mtaa inaweza kuzigusa bila bajeti.

Uvivu nao upimwe, badala ya kukanushwa kwa hasira. Chukueni kibarua kinachosemekana vijana wamekikataa. Andikeni malipo ya siku, toeni nauli ya kwenda na kurudi, toeni chakula cha mchana, angalieni kinachobaki na ni saa ngapi zimetumika. Nimeona mara nyingi hesabu hiyo ikimnyamazisha mjumbe aliyekuwa akipiga meza. Ikiwa baada ya hesabu kinabaki kiasi cha maana na bado hakuna anayekwenda, hapo mna swali halali, na mara nyingine jibu lake ni mirungi au gongo. Basi ulizeni kilichotangulia, kinywaji au kukosa kazi, kwa kufuata miaka ya mtu huyo mmoja mmoja.

Linabaki soko lenyewe, yaani wanunuzi na waajiri kuwa wachache kuliko mikono. Alama yake ni fundi mahiri, mwenye vifaa, mwenye jina, ambaye bado anakaa siku mbili au tatu kwa wiki bila kazi. Mkiwakuta wengi wa namna hiyo katika fani tofauti, mmepata sababu ambayo mafunzo hayawezi kuitibu, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi katika vikao vyetu. Mizizi yake iko mbali na kata. Idadi ya Watanzania ilipanda kutoka karibu milioni 45 mwaka 2012 hadi milioni 61.7 katika Sensa ya 2022, ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka, na sekta zinazokua upesi kama madini na mawasiliano huingiza fedha nyingi kwa kuajiri watu wachache. Kilimo bado kinashikilia zaidi ya nusu ya wenye kazi nchini huku kikichangia takriban robo ya pato la taifa. Maana yake wakulima, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa kiti, dirisha na gauni la kushonwa, wana fedha kidogo mfukoni.

Wasichana wahesabiwe peke yao

Majibu yao yakichanganywa na ya kaka zao hupotea. Binti anayelea watoto wa dada, anayemuuguza bibi, au anayefanya kazi za ndani kwa ndugu bila malipo huandikwa "yupo nyumbani", ingawa anaamka kabla ya wote. Ulizeni saa zake za siku. Ulizeni kama aliacha shule kwa ujauzito, na kama alijua kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliojifungua kurudi. Ulizeni pia, kwa faragha na kwa mwanamke mwenzake, kama aliwahi kuacha kazi ya baa, hoteli au shamba kwa sababu ya kutongozwa na msimamizi. Sababu hiyo haijawahi kutajwa mbele ya mkutano wa hadhara wowote niliouhudhuria.

Kuandika na kupeleka

Ripoti isizidi kurasa mbili. Kwa kila sababu andikeni alama mliyoiona, mahali mlipoiona, na fungu la vijana linalohusika, kisha ipangeni sababu hiyo kwa mwenye uwezo nayo: ya mtaa na kata, ya halmashauri, au ya taifa. Uchache wa viwanda hauwezi kutatuliwa na kikao cha kata, na kuupa nafasi ya kwanza katika ripoti ni kuwapa wajumbe ruhusa ya kukunja mikono. Uandikeni, mwupeleke kwa diwani na mbunge, lakini maazimio ya kata yashike yale ambayo jina la mtu na tarehe vinaweza kuwekwa mbele yake: dhamana ya mafundi, kupangwa kwa vizimba vya soko, kulea watoto kwa zamu ili akina mama vijana waende chuoni, kufuatilia vikundi vilivyokopeshwa.

Kabla ya kuipeleka, isomeeni vijana kumi waliohojiwa, na wapeni nafasi ya kukataa. Watasahihisha bei, watacheka mahali mlipodanganywa, na wakati mwingine watataja sababu ambayo hamkuiuliza. Kisha wekeni tarehe ya kurudia hesabu katika muhtasari wa kikao hicho hicho: kama mlihesabu Agosti, marudio yawe Aprili, kwa dodoso lile lile na nyumba zile zile, na karatasi za kwanza zitunzwe na katibu mahali pakavu mpaka siku hiyo.